Majibu ya Kitanda Namba Mbili

Jina lake sitalitaja. Pale hospitalini Kibaha hakuna aliyelitumia. Kuanzia mganga mfawidhi mpaka mama wa usafi, wote tulimwita Inchaji, kwa kuwa ndiye muuguzi aliyeongoza wodi ya wagonjwa mahututi, na kwetu muuguzi anayeongoza wodi huitwa hivyo. Tena jina lake limeshatajwa vya kutosha mahali ambapo lilipaswa kutajwa langu.

Ninaandika nikiwa nyumbani Mbwawa, nimesimamishwa kazi nikisubiri uchunguzi. Barua yangu ya maelezo hospitali wanayo. Waliniambia niandike kilichotokea tu, bila maneno mengi, nami nikafanya hivyo. Lakini barua ile haikuwa na nafasi ya kueleza mtu niliyemkosea alikuwa mtu wa namna gani, na kila nikikaa naona nimesema nusu.

Alikuwa mfupi, mwenye hatua pana, na viatu vya mpira visivyotoa sauti. Ushungi wake mweupe aliubana kwa pini mbili chini ya kidevu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na watu wa wodi ile walijifunza kuiogopa inaposhuka zaidi. Hakumwita mtu kwa jina wala cheo. Alituita kwa idara zetu. Mfamasia alikuwa Famasia, yule wa eksirei alikuwa Mionzi, nami nikawa Maabara. "Maabara, umekula?" "Maabara, mbona umenuna?" Hata siku nilipompelekea kadi ya harusi yangu aliigeuza huku na huku, akasema, "Hongera Maabara. Mwambie mwenzio nimemhurumia."

Tulianza kujuana ilipofika mashine ya vinasaba. Kabla yake, makohozi ya mgonjwa tuliyaotesha kwenye sahani na kungoja siku mbili tatu vijidudu viote, halafu tungoje tena kujua dawa gani inaviua. Mgonjwa mahututi hana siku hizo. Mashine mpya ilipokea tone la makohozi yaliyofyonzwa kwenye mrija wa kupumulia, ikasoma vinasaba vya vijidudu vilivyomo, na baada ya saa moja na kitu ikasema ni mdudu gani na kama amebeba usugu wa dawa kali. Mimi ndiye niliyepelekwa mafunzoni, mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa chumba chake, na nakiri kwamba nilitembea kwa madaha miezi ile.

Inchaji alikuja kuiona siku ya kwanza. Aliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Hii ndiyo inayosoma?"

"Ndiyo Inchaji. Inasoma vinasaba vya vijidudu."

"Na mgonjwa nani anamsoma?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Lakini kesho yake ndiye aliyeniletea utaratibu alioandika kwa mkono. Kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia apimwe Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine yoyote ambayo homa itabadilika. Madaktari waliuliza kwa nini tupime mtu asiyeonyesha dalili. Aliwajibu kwamba mgonjwa wake hawezi kukohoa wala kulalamika, kwa hiyo mtu wa kulalamika kwa niaba yake lazima atafutwe.

Alizungumza na wagonjwa wake. Waliolala wiki tatu bila kufumbua jicho aliwasalimia asubuhi kama majirani: "Habari za kuamka, namba nne. Leo ni Alhamisi, Mlandizi kumenyesha, sasa nakugeuza upande wa ukuta." Madaktari vijana walikonyezana. Mzee mmoja aliyepona alirudi baada ya miezi miwili na papai kubwa, tukakusanyika kumsikiliza, tukidhani anakuja kushukuru. Alishukuru, kweli, kisha akamwambia mbele yetu, "Lakini wewe mama unaongea! Nilikuwa nataka kulala." Inchaji alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kumwona akicheka vile tena.

Sitaki kumfanya malaika. Alipiga marufuku chakula wodini, na mfuko wake wa sare ulijaa karanga, ambazo alizitafuna kwenye stoo ya mashuka akidhani hatujui. Alimfokea daktari bingwa mbele ya wanafunzi, lakini barua ya metroni yenye muhuri ilimtia jasho kabla hajaifungua. Jumatatu na Alhamisi alifunga saumu, na siku hizo ndizo alizokuwa mkali kuliko zote. Alikuwa na upendeleo pia. Wauguzi waliotoka kwao Kisarawe walipangiwa zamu nzuri, na ukimwuliza alisema, "Mimi sioni." Ndugu wa wagonjwa walipoleta mchungaji au shehe, hakuwazuia, ila aliwapeleka wote kwenye bomba wanawe mpaka viwiko. Mchungaji mmoja wa usharika wa jirani alilalamika kwamba anacheleweshwa. "Mungu hachukizwi na sabuni, Baba Mchungaji," akamwambia, akamwongezea.

Mashine aliielewa haraka kuliko nilivyotaka. Tulikuwa na mgonjwa aliyetibiwa wiki nzima, homa imeshuka, makohozi yamekuwa meupe, na bado mashine ikaonyesha mdudu yuleyule. Daktari alitaka kubadilisha dawa. Inchaji alikuja maabara kuuliza, nikamweleza kwamba vinasaba vya mdudu aliyekufa hubaki kwa muda, na mashine huvisoma vilevile. Akasema, "Kumbe hii inasema nani kapita. Haisemi kama bado yumo ndani." Kuanzia hapo aliwafundisha hivyo wauguzi wapya, neno kwa neno, nami nilipoenda kutoa mada kwenye kikao cha mkoa niliitumia sentensi ile kama yangu.

Kulikuwa na kisa cha sinki. Wagonjwa watatu kwa mfululizo walikutwa na mdudu mmoja, mwenye kinasaba kilekile cha usugu. Inchaji alinilazimisha kupitisha vijiti vya pamba kila mahali, kuanzia vyuma vya vitanda, vitasa na mabomba hadi simu ya mezani. "Na hii pia," akasema, akaivua saa aliyoibandika kifuani, akaiweka mbele yangu. Mdudu alikutwa mahali pawili. Alikuwa kwenye shimo la sinki karibu na kitanda cha kwanza, na alikuwa kwenye saa ya Inchaji.

Karatasi ya majibu ya saa niliikunja, nikampa kwa siri, nikamwambia sitaiingiza kwenye taarifa. Aliikunjua, akaisoma, akaenda kuibandika ukutani kwenye lango la wodi, na chini yake akaandika kwa mkono wake: Saa ya Inchaji imekutwa na mdudu. Kila mtu avue ya kwake. Fundi bomba aling'oa sinki wiki hiyohiyo na vijidudu vile vikapotea. Saa hakuivaa tena. Karatasi ilikaa ukutani mpaka ikageuka njano, na mimi nilipita mbele yake kila siku niliyokwenda wodini, siku zile na siku zilizokuja baadaye.

Jambo lake lililonichosha kuliko yote lilikuwa kusoma majina. Kila sampuli iliyotoka kwake ililetwa na muuguzi, na muuguzi huyo alisoma jina na namba ya kitanda kwa sauti, kisha anayepokea naye asome kwa sauti, ndipo mkono mmoja uachie na mwingine ushike. Inchaji mwenyewe akileta, alisimama pale dirishani mpaka umesoma. Nilimwambia tuna bakodi, mashine inasoma lebo kwa mwanga, haikosei. "Vizuri," akasema. "Sasa na wewe soma."

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na wageni kutoka makao makuu waliokuja kuiona mashine, na nilikuwa nimevaa koti jipya. Wodini palikuwa na wagonjwa wawili wa kupimwa. Kitanda namba mbili alilala mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili kutoka Mlandizi, aliyefanyiwa upasuaji baada ya kidole tumbo kupasuka. Namba tano alikuwa mzee fundi viatu wa Maili Moja, aliyeletwa na nimonia.

Inchaji alileta sampuli mwenyewe. Wageni walikuwa wameshaingia, wanne, wamesimama nyuma yangu.

"Soma, Maabara," akasema.

"Weka tu hapo Inchaji, nitasoma."

"Nami nangoja."

"Inchaji, nina wageni."

Alinitazama, akawatazama wageni, akasoma yeye peke yake majina yote mawili kwa sauti, mara mbili, akaziweka chupa kwenye kibao na kuondoka. Mgeni mmoja alitabasamu. Nami nikatabasamu naye, kama watu wawili wa kisasa.

Kila sampuli huingizwa kwenye katriji yake, kikasha kidogo cha plastiki chenye namba yake ya kiwandani. Nilizijaza zote mbili, nikaandika kwa maka peni "2" ubavuni mwa moja na "5" ubavuni mwa nyingine. Hapo sikukosea. Kisha ikaja hatua ya kuonyesha mashine bakodi ya mgonjwa, halafu bakodi ya katriji yake. Nilikuwa naeleza. Nilikuwa nimegeuza uso kwa wageni nikisema hiki ndicho kizazi kipya cha maabara, mikono ikifanya kazi yenyewe. Mashine ililia mlio wake wa kukubali, mara mbili, na wageni wakapiga makofi.

Majibu yalitoka kabla hawajamaliza chai. Namba mbili hakukutwa na kitu. Namba tano alikutwa na mdudu sugu, mbaya. Daktari alifanya alichotakiwa kufanya kwa karatasi zile. Mwalimu alipunguziwa dawa, kwa kuwa dawa kali hapewi mtu asiyezihitaji. Mzee alihamishiwa chumba cha peke yake, akaanzishiwa dawa kali inayosumbua figo.

Alasiri simu ya maabara ililia.

"Maabara, karatasi yako na mgonjwa wangu hawafanani."

"Yupi, Inchaji?"

"Namba mbili. Makohozi ni ya kijani, joto halishuki, presha inacheza. Wewe unaniambia hana kitu. Rudia."

"Katriji zimebaki chache. Tukirudia kila mnachotilia shaka, wiki ijayo tutakaa bure."

"Basi nakuletea makohozi mengine."

"Lete Jumatatu. Ndiyo siku yake."

Nilisikia mashine za wodini zikilia nyuma yake. Nikaongeza, na hili sikumwambia mtu mpaka mwaka huu, "Inchaji, mashine haina macho ya kuchoka." Nilijua kwamba miezi ile alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na kwamba alikuwa ameanza kushika karatasi mbali na uso.

Jumamosi sikuwa zamu. Alipeleka sampuli mpya kwa mwenzangu, akasimama dirishani mpaka majibu yakatoka. Mwalimu alikuwa na mdudu sugu. Dawa ikaanza jioni ileile. Jumapili mchana mwalimu alifariki.

Nilikuta habari Jumatatu asubuhi. Wenzangu walikuwa wakijadili ilikuwaje mgonjwa asiwe na kitu Alhamisi, kisha Jumamosi awe amejaa. Nilikwenda kwenye mfuko wa taka za hatari, nikavaa glavu, nikazitoa zile katriji mbili. Ile niliyoiandika "2" ubavuni, namba yake ya kiwandani ndiyo iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine chini ya jina la mzee wa namba tano. Nyingine vivyo hivyo. Nilizisoma mara tatu. Majibu ya mama yule niliyapa jina la mzee, na majibu ya mzee nikampa mama.

Ningeweza kupiga simu moja. Mzee bado alikuwa anapewa dawa asiyoihitaji, na figo zake zilikuwa zimeanza kugoma. Nilichofanya ni kuzirudisha katriji, kufunga mfuko na kuubeba mwenyewe mpaka kwenye tanuri la kuchomea taka, ingawa taka zetu huchomwa Jumanne na kazi ile si yangu. Mhudumu wa tanuri alinishukuru kwa kumsaidia. Kuhusu mzee, nilimwambia daktari kwamba afadhali apimwe tena, kwa tahadhari tu. Alipimwa, akakutwa hana kitu, dawa ikasimamishwa, akapelekwa Dar es Salaam kusafishwa damu kwa wiki kadhaa. Alirudi Maili Moja akiwa hai, ila hakuweza tena kukaa siku nzima akishona viatu. Kwa muda mrefu nilijihesabia hilo kama wema.

Kamati ya hospitali ya kuchunguza kifo kile iliketi Jumatano. Wodi ilishukiwa kubadilisha lebo, maana Inchaji ndiye aliyechukua sampuli zote mbili, na wodini ilijulikana kwamba macho yake si ya zamani. Mganga mfawidhi, mtu wa haki ambaye hakuwa na sababu ya kunishuku, aliniuliza, "Sampuli zilipofika, lebo zilikuwa sawa?"

"Nilizipokea kama zilivyoletwa," nikasema.

Jibu lile nililiandaa kwa siku mbili. Halikuwa na uongo hata neno moja.

Akamgeukia yeye. "Inchaji, ulihakiki?"

"Nilisoma majina mara mbili kwa sauti."

"Nani alikusikia?"

Inchaji alinitazama. Wageni walikuwa wamesharudi kwao na hakuna aliyefikiria kuwatafuta. Nikatazama karatasi yangu.

"Namba mbili alinisikia," akasema. "Nilimsomea kitandani kabla sijatoka."

Mtu mmoja alikohoa. Katibu wa kamati hakuliandika jibu lile.

Walimwondoa mahututi, wakampeleka chumba cha vidonda, akafunga bandeji kwa miezi iliyobaki, kisha akastaafu. Hakukuwa na sherehe. Nilimkuta mara moja Maili Moja, anasubiri gari. Mume wa mwalimu alikuwa akishusha mboga kwa wauzaji pale, akamtambua. Alimfuata mpaka usoni, akampigia kelele mbele ya watu: "Ulimwandika mke wangu jina la mtu! Macho huna, kazi unataka ya nini?" Inchaji alisimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka yule mwanamume akachoka. Mimi nilikuwa umbali wa duka moja. Niliingia ndani ya duka lile na kuuliza habari za misumari.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka minne. Nilipandishwa cheo. Kusoma majina kwa sauti nilikufanya kuwa sheria ya maabara, vijana wakanilalamikia, na nilipowafokea nilijisikia mtu mwema kwa dakika mbili tatu.

Mwaka huu nilitumwa upande wa Kisarawe kufundisha zahanati moja namna ya kufunga sampuli za kusafirishwa. Wakati wa mapumziko mganga wa pale alilalamikia uhaba wa watu. "Tuna nesi mstaafu jirani hapa," akasema, "alikuwa wodi ya mahututi huko Kibaha, mtu mzito. Tumemwomba atusaidie hata siku za kliniki tu. Hataki kumgusa mtu. Hata kidonda cha mjukuu wake hakifungi."

Nilimaliza somo sijui vipi. Jumamosi iliyofuata nilipanda pikipiki yangu, nikaenda.

Alikuwa kibarazani anamenya muhogo. Alikuwa amekonda, na alivaa miwani minene, na miwani nyingine ilining'inia shingoni.

"Shikamoo Inchaji."

"Marahaba. Hapa hakuna Inchaji." Alinyanyua uso. "Maabara. Kaa. Watoto hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Nikasema na mke hajambo. Alinipa kisu kingine, nikamenya. Nilimwuliza habari za macho.

"Nimepima mara tatu. Mpaka Muhimbili nimefika. Wanasema ni ya uzee tu, na kwa miwani nasoma mpaka maandishi ya kwenye dawa. Lakini daktari wa macho hajui nilichokifanya." Aliendelea kumenya. "Chupa zile mbili naziona kila siku. Naona mkono wangu unabandika lebo. Siku nyingine nabandika vizuri. Siku nyingine naona kabisa nimekosea, naona na jina. Sijui ipi ni kweli. Miaka minne sijui ipi ni kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa kwa hasira yake, na zaidi nilijiandaa aniambie alijua muda wote kwamba ni mimi, maana nilivyomfahamu nilidhani alijua. Sikuwa nimefikiria hata siku moja kwamba ningemkuta ameamini.

Nikamwambia. Nilimweleza habari za wageni, mashine, mlio, katriji, namba za ubavuni, tanuri, kamati. Alipoelewa ninakokwenda aliweka kisu chini.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Nikasema tena.

"Kwa hiyo lebo zangu zilikuwa sawa."

"Zilikuwa sawa, Inchaji."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akaivua tena. Muhogo ulianguka kwenye mchanga na hatukuuokota.

"Mwaka juzi waliniletea binti aliyejifungua," akasema, "homa juu, anatetemeka. Alikuwa hapo ulipokaa. Wakaniomba nimtazame tu, niwaambie wakimbie au wangoje. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilimsikia mama yake akigonga. Alipona huko walikompeleka, lakini mimi nilipofunga mlango sikujua kama atapona."

"Nisamehe, Inchaji."

"Hilo sina haraka nalo. Mume wa mwalimu umemwambia?"

"Hapana."

"Yule mzee fundi?"

"Hapana."

"Hospitali?"

"Bado."

"Basi hujaja kusema. Umekuja kupumzika."

Aliinuka, akaingia ndani, nikadhani ndiyo amemaliza na mimi. Alirudi amevaa buibui, na mtandio amejifunga vizuri.

"Twende Mlandizi."

"Leo, Inchaji?"

"Ukienda peke yako utamwambia nusu. Washa hiyo pikipiki."

Tulipita njia ya Mzenga, vumbi tupu, yeye ameketi upande nyuma yangu, mkono mmoja ameshika chuma cha kiti. Hakunishika mimi. Tulivuka reli, tukasimama mara moja anyooshe miguu, na penye mashimo aliniambia "Taratibu" tu. Nilijua nitapoteza kazi. Nilijua pia kwamba hilo ndilo jambo dogo kuliko yote niliyokuwa nimebeba.

Mume wa mwalimu tulimkuta uani kwake, anafunga mafungu ya mchicha na binti zake wawili, mkubwa sasa amefanana na mama yake. Alipomwona Inchaji alisimama, akakunja uso.

"Wewe umefuata nini kwangu?"

"Mimi leo sina neno, baba," Inchaji akasema. "Huyu ndiye mwenye neno."

Mwanamume aliwaambia binti zake waingie ndani. Kisha akasikiliza. Nilieleza nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakutukaribisha kukaa, na sikumlaumu. Muda wote niliokuwa nikisema hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwa yule mwanamke aliyemchukia miaka minne, kama mtu ambaye hajui amweke nani pale alipokuwa amemweka yeye. Nilipomaliza, kuku walikuwa wameshaanza kuudonoa mchicha na hakuna aliyewafukuza.

"Angepona?" akauliza.

"Sijui, kaka. Angepata dawa siku mbili mapema. Wengi huwa wanapona. Hatukumpa nafasi hiyo."

"Hukumpa," Inchaji akasema nyuma yangu, kwa ile sauti yake ya chini. "Sema vizuri."

"Sikumpa," nikasema. "Mimi. Sikumpa nafasi hiyo."

Hapo ndipo yule mwanamume alipoacha kumtazama Inchaji, akanitazama mimi.